Kumlea Babu wa Miaka Mitano

Asubuhi moja ya Jumanne ndugu yangu mdogo alikataa kuvaa viatu. Alikuwa na miaka mitano, mguu mmoja ndani ya soksi, mwingine ndani ya bakuli la uji, na ilikuwa saa mbili kasorobo, saa ambayo shule ya nasari ilikuwa ikigonga kengele yake upande wa pili wa barabara.

"Vaa," nikamwambia.

"Mimi ni baba ya mama," akasema. "Wewe huwezi kunituma."

Ubaya ni kwamba alikuwa na haki. Kwetu Ukambani mtoto hapewi jina kwa sababu ni zuri. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana hivyo hivyo kwa nyanya zao. Jina likishachukuliwa, heshima nayo inafuata. Mama alimwita mtoto huyu "Baba" tangu siku aliyozaliwa, maana alibeba jina la baba yake, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuwahi kumchapa. Atamchapaje baba yake? Nyanya yetu wa Mwala, ambaye sote tulimwita Susu, alimwita "bwana yangu" na kumwekea paja la kuku. Mimi pia nina jina la babu, yule mzaa baba, lakini huyo alikufa kabla mama hajaolewa na hakuna aliyemkumbuka vizuri. Kwa hiyo mimi nilichapwa kama kawaida.

Katikati yetu alikuwako dada yetu wa miaka minane, mwenye jina la nyanya mzaa baba. Yaani nikiwa na miaka ishirini, wenzangu wakizunguka mjini Machakos wakitafuta wasichana, mimi nilikuwa nyumbani nikimlea nyanya yangu na babu yangu, wote wawili kamasi zikiwatoka.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akaenda na lori, akapata nyumba nyingine huko alikoenda, na sina la kuongeza. Mama alipata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo Athi River. Alilala huko katika chumba kimoja na wanawake wenzake watatu, zamu zikibadilika kila wiki, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kuweka mtoto hata mmoja. Alikuja Jumamosi jioni, akaondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Siku zilizobaki zilikuwa zangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu zilitosha kusomea ualimu, nilikuwa nimeomba nafasi ya chuo mara mbili na kukosa mara mbili. Nilingojea jibu la tatu huku nikifua kaptura zilizokojolewa.

Sitadanganya kwamba nilikuwa mlezi mwema. Nilichoka, na uchovu wangu ulikuwa na mdomo. Nilifoka nikiosha vyombo, nilifoka nikipepeta mahindi, nilifoka nikipanda mlima na mtungi wa maji begani na hao wawili nyuma yangu wakigombana ni nani aliyeona kinyonga kwanza. Ulikuwa ndio mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa bure, na darasa la dada yetu likajaa hadi watoto wengine wakakaa sakafuni. Kwa hiyo mazoezi yake yote nilimfundisha mimi jioni. Mdogo naye akatia pua. Akataka kujua jina lake linaandikwaje.

Nikamfundisha. Hilo lilikuwa kosa. Kwa muda wa mwezi mzima aliandika jina lake kwa kipande cha mkaa kila mahali mkono wake ulipofika: mlangoni, kwenye tangi la maji, kwenye shuka la mama, na mwishowe ubavuni mwa mbuzi mweupe wa jirani. Jirani akasimama kwenye ua akaita jina hilo kwa sauti ya kuvunja mlango. Mtoto akajificha nyuma ya jiko. Nikatoka mimi.

"Niko," nikasema.

"Sijakuita wewe."

"Najua. Lakini nimekuja."

Ikawa ndio kazi yangu. Jina lake likiitwa kwa hasira, na liliitwa sana, mimi ndiye niliyeitika, mimi ndiye niliyeomba msamaha. Nilimwosha yule mbuzi kwa sabuni, mwenye mbuzi akiwa amesimama pale akinionyesha palipobaki.

Pasaka tulikwenda Mwala kwa Susu. Tulikula, tukacheza na mbuzi, tukarudi Jumatatu. Mdogo alirudi kimya. Nikashukuru Mungu kwa ukimya huo na sikuuliza ulitoka wapi. Alikuwa ameacha pia kuandika jina lake, hata nasari, na mwalimu wake akaniita kunionyesha kitabu chake, ambacho kilikuwa na jina la dada yake juu. "Huyu alikuwa anajua," mwalimu akasema. "Sasa imekuwaje?" Nilimwambia ni ukaidi. Neno hilo nilikuwa nalo karibu wakati wote.

Juma lililofuata nilibandika isyo, mahindi na maharagwe yetu yale, nikaenda kuchota maji. Niliporudi sufuria ilikuwa inatoa povu, povu jeupe linalotambaa mpaka chini kwenye makaa. Mdogo alikuwa amesimama kando na pakiti tupu ya sabuni ya unga.

"Mama alisema maharagwe ioshwe vizuri," akasema.

Yalikuwa maharagwe ya siku mbili. Nilikuwa nimeyachagua moja moja. Dada yake alikuwa anacheka mpaka amekaa chini, na nadhani ni kicheko hicho kilichonimaliza.

"Umenichosha!" nikamfokea. "Nitakupeleka Mwala. Huko ndiko kuna wajina wako, nenda mkalale pamoja!"

Hakulia. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu mtoto yule alilia hata mkate ukikatwa vibaya. Alikwenda akalala na viatu, vile vile alivyokuwa akikataa kuvaa asubuhi.

Barua ilikuja mwezi wa nane. Chuo cha ualimu, mbali, upande wa Meru. Niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikaisoma tena nikitembea, nikakanyaga kinyesi cha ng'ombe na sikujali. Ilisema niripoti katika muda wa majuma matatu, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Ilitaja sanduku, godoro, ndoo na mashati mawili meupe. Nilikuwa nimeomba mara tatu na nilijua hakuna mara ya nne. Mimi ningekuwa mwalimu, au ningekuwa mtu wa kukaa nyumbani akipepeta mahindi mpaka nywele zigeuke mvi.

Mama alipokuja Jumamosi alisoma barua, akacheka, akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Mpango ulikuwa rahisi. Watoto waende kwa Susu, kuna shule karibu, kuna maziwa, na yeye atakuwa akienda Mwala badala ya kuja hapa. Dada yetu akaanza kufunga nguo zake dakika hiyo hiyo, kwa sababu ya mbuzi. Susu akaitwa, na Jumapili iliyofuata akafika kuwachukua.

Alifika na kiondo cha maembe makavu, na hakuanza na sisi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mdogo, akanyoosha kanga yake, akazungumza naye kama mwanamke anavyozungumza na mume wake mbele ya wageni.

"Bwana yangu, nimekuja kukuomba. Nyumba yako iko pale Mwala, inakungoja. Imekuwa na baridi sana. Utakuja tukae na wewe?"

"Aiee," akasema mtoto. Hapana. Akaingia chini ya meza.

Susu akauliza mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu sauti kutoka chini ya meza ilikuwa kali. Susu akainuka, akajipangusa, akamgeukia mama.

"Mzee amekataa," akasema.

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba ni mimi peke yangu ninayecheka.

"Tumbebe tu," nikasema. "Atazoea."

"Hatabebwa," mama akasema.

"Mama, huyo ni mtoto. Jana amekula chaki."

"Usimtukane baba yangu."

Ningeweza kupiga ukuta. Nikamwambia barua haingojei mtu. Nikamwambia nimefua, nimepika, nimeitwa mama na vijana wa sokoni kwa miaka miwili, na sasa nanyimwa chuo na mtu asiyejua kujifunga kamba za viatu. Mama alininyamazia mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila hasira, kwamba baba yake alipokuwa mgonjwa alikataa kubebwa kupelekwa hospitali. Alitaka kukaa kwake. Wakambeba, mama mwenyewe akiwa ameshika miguu, na akafia njiani katika gari la watu. "Alikataa nikambeba," mama akasema. "Sitambeba mara ya pili. Akikubali, uende. Akikataa, tutaangalia mwaka ujao."

Susu alirudi Mwala peke yake. Dada yetu alifungua mzigo wake akilia. Mimi nilibaki na majuma mawili ya kumbembeleza mzee.

Nilijaribu kila kitu. Nilimnunulia mandazi. Nilimwahidi mbuzi wake mwenyewe, kisha mbuzi wawili. Nilimweleza habari za maziwa, za mto wa mchanga, za binamu zake. Alisikiliza, akala mandazi, akasema siendi. Nikimuuliza kwa nini, anatazama ukuta. Nilimtisha, nikamsihi, siku moja nikampigia magoti nikiwa na mwiko mkononi. Jioni nilikuwa nakaa nje nikimchukia kwa moyo wote, mtoto wa miaka mitano, na kujichukia kwa hilo.

Alhamisi ya juma la mwisho nilipata rangi ya mafuta kidogo kwa seremala, nikaanza kuandika jina langu juu ya sanduku langu la bati. Niliandika kwa ubishi tu, maana sikuwa na pa kulipeleka. Rangi ikabaki. Nikachukua begi la mdogo la nasari nikasema hili nalo tutaliandika, likae tayari. Nilikuwa nimeandika herufi ya kwanza aliponirukia mkononi.

"Usiandike!"

"Kwa nini?"

"Wataona ni mimi."

"Kina nani?"

Alikuwa analia sasa, kile kilio cha kweli kisicho na sauti. "Wale walichimba."

Niliweka brashi chini. Ilinichukua muda, maneno yakitoka mawili mawili. Pasaka ile, nyuma ya zizi la mbuzi la Susu, alikuwa ameona jiwe la saruji lenye msalaba. Mjomba wetu ndiye aliyeliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi, herufi kubwa zilizopinda, kama zake mwenyewe. Na neno moja tu alilojua kusoma duniani lilikuwa hilo, jina lake.

"Nilisoma," akasema. "Ni mimi. Halafu wewe ulisema nikalale na wajina. Halafu Susu akasema nyumba yangu iko pale, inaningoja. Iko na baridi."

Nilikaa juu ya sanduku na rangi ikaingia kwenye suruali yangu. Miezi minne mtoto alikuwa ametembea na kaburi lake, na mimi nilikuwa nikimwita mkaidi. Nilijisikia mdogo kuliko yeye. Nikamwambia yule ni babu, wewe si babu.

"Mama anasema mimi ni baba yake."

"Mama anacheza tu."

"Susu pia anacheza?"

"Ndio."

"Na mbona paja la kuku ananipea mimi?"

Miaka mitano tulikuwa tumemwambia sote, kwa mapenzi, kwamba yeye ndiye yule mzee. Sasa nilitaka aelewe kwa dakika tano kwamba siye.

Jumamosi asubuhi nilimwacha dada yetu kwa mwenye mbuzi, nikamchukua mdogo kwenda Mwala. Alikubali kwa masharti. Tusibebe blanketi. Tusibebe begi. Turudi leo. Alinikagua mifuko kabla hatujatoka, na kutoka soko la Mwala, gari lilipotushusha, mpaka kwa Susu alitembea ameshika mshipi wa suruali yangu kwa mikono miwili, ikawa natembea huku naishikilia isishuke.

Tulikwenda moja kwa moja nyuma ya zizi. Jiwe lilikuwa pale, kuku wawili juu yake. Nilimwambia amwite mwenye jina.

"Nimwite?"

"Ita. Kwa nguvu."

Aliita jina lake mwenyewe, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti. Kuku wakashuka. Tukangoja. Mbuzi mmoja alikohoa zizini, basi. Kisha nikaenda mpaka upande ule mwingine wa zizi, nikasimama pale asiponiona, nikaita jina lile lile.

"Eeh!" akaitika, vile anavyoitika chakula kikiiva.

"Nani ameitika?"

"Ni mimi!"

"Na yeye?"

"Amenyamaza."

Nikarudi nikachuchumaa karibu naye. Nikamwambia babu alichoka kuitika, na Susu na mama walikuwa bado wanataka kuita, ndiyo maana wakampa yeye jina, ili wakiita kuwe na mtu. Kazi yake ni kuitika tu. Ya kulala hapa ilishafanywa na mwenyewe. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu, akafuata herufi kwa kidole mpaka mwisho.

"Huyu aliandika vibaya," akasema. "Hii imepinda."

Susu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na ungo mkononi, na alikuwa amesikia yote. Alikwenda akaleta soda ya machungwa, akanipa mimi, akanionyesha mdogo kwa kidevu. Nikaelewa. Mtu haombi ruhusa kwa mzee mikono mitupu. Nilimketisha ndugu yangu kwenye kigoda cha babu, nikampa soda kwa mikono miwili, nikapiga goti. Safari hii sikuwa na mwiko.

"Mzee, nimepata chuo. Nimekuja kuomba niende, na wewe ukae hapa na Susu."

Alikunywa. Alifikiri. "Utarudi?"

"Krismasi."

"Ukirudi utaniita hapo kwa njia, nisikie?"

"Nitakuita."

"Sawa," akasema. Na kwa kuwa alikuwa amemwona Susu akitubariki kila tunapoondoka, kwa mate mepesi kifuani, aliinuka kwenye kigoda, akajaza mashavu, akanitemea baraka zake zote kifuani, soda na mate pamoja. Shati langu lilikuwa jeupe, jipya, moja kati ya yale mawili ya kwenye barua. Nilikuwa nimelivaa ili mama akija jioni anione nilivyo mwalimu.

Nilitaka kufoka. Nadhani hata mdomo ulifunguka. Susu akasema, "Usipanguse," na sikupangusa.

Niliripoti chuoni siku ya mwisho, doa la rangi ya machungwa likiwa kifuani chini ya sweta. Nililala kitanda changu peke yangu kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, bila mguu wa mtu tumboni. Asubuhi sikupika uji wa mtu. Nilikuwa nimeota siku hiyo kwa muda mrefu, na nilipoipata nilikaa kwenye ukumbi na wageni wenzangu bila kujua mikono yangu niiweke wapi. Mwalimu mmoja alianza kusoma orodha. Kulikuwa na kijana wa Kitui mwenye jina lile la mdogo wetu. Ni jina la kawaida kwetu, nilipaswa kulitarajia.

Mwalimu akaliita, kwa sauti kubwa, na nilikuwa nimesimama kabla sijafikiri.

"Niko," nikasema.

Kule nyuma kijana mwingine naye alikuwa amesimama. Ukumbi ukacheka. Mwalimu akanitazama juu ya miwani.

"Hilo ni jina lako?"

"Hapana, mwalimu. Ni la ndugu yangu."

"Yuko wapi huyo ndugu yako?"

"Mwala."

"Basi kaa chini. Kutoka Mwala hawezi kunisikia."

Nikakaa. Wenzangu bado walikuwa wanacheka, nami nikajaribu kucheka nao, lakini macho yalikuwa yamejaa na sikuweza kuyainua. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili kasorobo, saa ya viatu.